Mbele Duka, Nyuma Kitanda

Machi 4

Pazia si ukuta, ndivyo nilivyotaka kumalizia jana kabla umeme haujakatika. Hata liwe zito namna gani, hata mume wangu alipigilie misumari juu na kulibana chini kwa matofali mawili, pazia litabaki pazia. Upande huu tuko sisi, na kitanda, na sanduku langu, na kioo ambacho hakina pa kutundikwa. Upande ule ni sebule ya mama mkwe, na cherehani yake, na mama mkwe mwenyewe.

Na bado nina furaha mpaka naona aibu. Sikujua kama mtu anaweza kuamka, akamtazama mtu mwingine akitafuta soksi, akajisikia kama amepewa zawadi. Mume wangu ni mchora ramani za nyumba. Kalamu ya risasi haimtoki sikioni hata akilala. Juzi ilinichoma shavu, na nikaifurahia hiyo alama kutwa nzima.

Kinachonikera ni kimoja tu. Kila jioni tukishakula, tukijivuta nyuma ya pazia na kuanza kunong'ona mambo yetu, mama mkwe anaanza kushona. Trrr, trrr, trrr. Kutwa nzima cherehani imelala, inangoja sisi tufungue midomo. Sijui nimemkosea nini.

Machi 6

Kazi yangu ukiisikia ni kavu kama mkate wa juzi, lakini mimi naipenda. Niko idara ya takwimu, meza ya vibali vya ujenzi. Kila Jumatatu napigia simu makarani wa halmashauri, nchi nzima, nauliza: wiki iliyopita mmepitisha majengo mangapi? Ya makazi mangapi, ya biashara mangapi? Najumlisha, nampelekea mkuu wangu.

Makarani siwajui sura, nawajua sauti. Wa milimani namwita Mama Mafua, kwa sababu tangu nianze kazi pua yake haijazibuka. Wa hapa kwetu namwita Kaka Haraka. Hajawahi kumaliza sentensi.

Siri yangu ni hii. Mama Mafua akisema "makazi arobaini", mimi sisikii arobaini. Naona watu wawili wawili, arobaini, wanabishana kitanda kikae upande gani. Ndani ya hizo hesabu, siku moja, tutakuwamo na sisi. Mume wangu amechora nyumba yetu: vyumba viwili, baraza, na dirisha langu linalotazama mashariki. Kiwanja tunacho. Maombi yameshapelekwa. Tunangoja kibali tu.

Machi 9

Mvua.

Machi 13

Sijui nianzie wapi. Mama Mafua leo amesema makazi ishirini na mawili. Nikamwambia arudie, nikidhani ni mafua. Ishirini na mawili. Biashara, ambazo huwa tano sita, zimefika ishirini na tano. Nikampigia wa pili, wa tatu, wa kumi. Kila mahali nyumba za kuishi zimeporomoka, maduka yamepanda.

Nilikaa na simu mkononi nimeduwaa. Watu wameacha kuoana? Nchi nzima imeamua kulala dukani?

Mkuu wangu hakushtuka, alifurahi. Tunamwita Mzee Asilimia, kwa kuwa hata chai anaagiza hivyo: ongeza sukari asilimia kumi. Akasema taifa limeamka, linafanya biashara. Mimi nikaona taifa limepoteza mapenzi, lakini hilo si la kumwambia mkuu wa kitengo.

Jioni nikamsimulia mume wangu. Akasema "mh", akageukia ukutani. Yaani kwenye pazia. Trrr, trrr.

Machi 20

Naandika nikiwa bado nimelowa.

Leo nilipita ofisini kwa mume wangu nimshtukize, turudi pamoja chini ya mwavuli mmoja. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nikamsikia anamwambia mwenzake: "Hiyo nyumba ndogo mke wangu asiione kwanza. Nikiwa tayari nitamweleza mwenyewe."

Nyumba ndogo. Hata fungate halijapoa.

Sikuingia. Nilitembea hadi nyumbani mwavuli nimeukunja mkononi, mvua yote ikinishukia, na sikukumbuka kuufungua mpaka nilipofika mlangoni. Mama mkwe akaniona nimelowa chapachapa, akaniuliza kulikoni. Sikutaka kumwambia, lakini kilio hakiombi ruhusa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka mkasi chini taratibu.

"Mwanangu huyu?" akasema. "Huyu hata nyumba kubwa hajaipata."

Kisha akacheka peke yake, akarudi kwenye kitambaa chake. Nikamchukia kwa hicho kicheko.

Machi 21

Mimi ni mjinga na ninampenda sana.

Amekuja na boksi. Ndani yake kuna nyumba ndogo kweli, ya karatasi ngumu, ukubwa wa kikapu cha mkate. Nyumba yetu. Ameikata kwa wembe na kuigundisha kwa gundi wakati wa chakula cha mchana, wiki tatu hizi. Ina paa linalofunguka, ina kitanda cha njiti za kiberiti, na dirisha langu amelifunika kwa karatasi ya manjano ili kila ukilitazama liwe limekucha.

Mbele amekata mlango mpana sana, unatazama barabara. Nikamuuliza mbona mpana hivyo. Akafikiri kidogo, akasema: "Wa kuingizia furaha."

Nilikaribia kuzimia. Mama mkwe, upande wa pili, alikohoa.

Aprili 3

Matokeo ya mwezi wa tatu yametangazwa redioni. Tulisikiliza wote. Vibali vya makazi vimeshuka karibu nusu, vya biashara vimepanda zaidi ya mara tatu, haijapata kutokea. Mzee Asilimia alihojiwa, sauti yake ilikuwa imepigwa pasi. Mama mkwe akasema kwa hali hiyo wauzaji watakuwa wengi kuliko wanunuzi, na yeye aanze kujishonea mwenyewe.

Nilicheka. Mume wangu hakucheka.

Aprili 5

Sasa naona hizo hesabu zina meno. Kaka Haraka ameniambia halmashauri imetoa watu wawili kwenye dirisha la makazi, imewapeleka la biashara, "maana si ndiko kwenye kazi, mmesema wenyewe". Anayeomba kibali cha nyumba ya kuishi leo, akae mkao wa mwaka ujao.

Mwaka ujao. Mwaka mzima nyuma ya pazia. Niliweka simu chini nikasahau kumuuliza idadi.

Aprili 7

Mvua. Matofali ya chini ya pazia yameota ukungu.

Aprili 11

Kibali kimetoka! Chetu! Wengine wanangoja mwaka ujao, sisi wiki chache tu. Nimeshangaa mpaka nikakaa chini. Nilimuuliza mume wangu imekuwaje, akasema bahati. Nikamwambia si bahati, ni mapenzi, Mungu ameona vile tunavyonong'ona. Akanikumbatia kwa nguvu, na mimi nikalia kwenye shati lake, na kalamu ikanichoma tena.

Fundi anaanza msingi mvua ikipungua. Nimelala na nyumba ya karatasi kifuani.

Aprili 17

Nitaandika polepole, nisije nikaongeza chumvi.

Mzee Asilimia alitaka apambe taarifa yake. Akanituma niulize maduka yote hayo mapya ni ya kuuza nini. Nikaanza na Kaka Haraka. Akaanza kunisomea ramani alizopitisha, mbio mbio. Fremu mbili, nyuma vyumba vitatu. Fremu moja, nyuma vyumba vinne. Fremu ni kile chumba cha duka cha mbele, chenye mlango mpana wa barabarani. Kila mtu anakijua. Nikaandika. Kisha akasema:

"Hii nayo fremu moja, nyuma vyumba viwili, baraza. Huyu mchoraji ana vituko. Kwenye dirisha la mashariki kaandika 'dirisha la mke wangu'."

Nilihisi masikio yanawaka. Mlango mpana. Wa kuingizia furaha.

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, hivi nyuma ya hizo fremu kuna nini. Akasema kuna nini tena, watu watalala. Wameona dirisha la biashara ni la haraka, basi kila anayetaka nyumba anaichorea fremu mbele. Wengine fremu yenyewe hata haitafunguliwa. Na kanuni yetu ya takwimu iko wazi: jengo lenye fremu ni biashara.

Nikampigia Mama Mafua. Akapenga kamasi kwanza.

"Binti, unauliza leo?" akasema. "Mbele duka, nyuma kitanda. Hata yangu iko hivyo."

Niliwapigia wengine mpaka ofisi ikabaki na mimi na mfagiaji. Katika kila maduka kumi, manane yana kitanda nyuma. Watu hawajaacha kuoana. Wamevaa kinyago cha duka, wakapita. Na sisi tukatangaza redioni, halmashauri ikapunguza watu wa makazi, foleni ikarefuka, na waliobaki nao wakachora fremu. Tunakimbiza mkia wetu wenyewe. Na chumba changu cha kulala, kitanda changu cha njiti za kiberiti, nimekihesabu duka kwa mkono wangu.

Jioni tuligombana kwa kunong'ona. Sijui kama umewahi kugombana kwa kunong'ona. Koo linauma kuliko kupiga kelele. Nilimuuliza kwa nini alinificha. Akasema:

"Ungejua, Jumatatu ungeihesabu wewe mwenyewe huku ukijua. Sikutaka uwe na hiyo moyoni."

"Nimeihesabu," nikamwambia. "Na sasa najua."

Upande wa pili cherehani ilikwenda mbio kama inakimbizwa na mbwa.

Aprili 18

Hatukusemeshana. Alinifungia mwavuli mlangoni, nikasema asante.

Aprili 19

Mvua. Asante mbili.

Aprili 21

Nimeifungua nyumba ya karatasi. Nimetia kidole kwenye ule mlango mpana. Kilipita chote.

Nimewaza hivi. Nikinyamaza, nyumba yetu inasimama, na kila bibi harusi aliyeomba kibali bila ujanja atakaa nyuma ya pazia lake mwaka mzima kwa sababu ya hesabu zangu. Nikisema, fremu zitaanza kukaguliwa, na ya kwanza kuanguka inaweza kuwa yetu. Mama yangu alinifundisha ukila na kipofu usimguse mkono. Hakunifundisha la kufanya kipofu akiwa ni nchi nzima.

Nimemwambia mume wangu ninachotaka kufanya. Alivuta shuka mpaka kidevuni. Kisha akasema fanya, lakini akageukia upande wa pili.

Aprili 24

Nimesema.

Mzee Asilimia alinisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akasema kanuni ni kanuni. "Sisi tunahesabu mlango," akasema, "hatuhesabu kitanda."

Nikamwambia kitanda kimojawapo ni changu.

Akafumbua macho. Nilimweleza yote: fremu, ramani, dirisha la mashariki. Nilitegemea atanifukuza. Alinitazama kama mtu aliyekuta namba ina macho na pua, kisha akauliza, taratibu:

"Asilimia ngapi?"

"Themanini, mkuu."

Akakaa. Alikuwa amesimama na sikuwa nimeona. Chai yake ilipoa mbele yake, na hakuagiza nyingine.

Mei 2

Redioni tena. Mzee Asilimia mwenyewe, bila sauti ya pasi safari hii. Amesema takwimu zilisomwa kwa mlango wa mbele tu, na kwamba nyumba za kuishi hazikushuka, zimeongezeka. Kuanzia sasa jengo lenye duka mbele na makazi nyuma litahesabiwa peke yake. Sikutegemea. Nilimdhania mtu wa tarakimu tupu, kumbe ana uti wa mgongo. Nilitamani kumkumbatia, asilimia mia.

Kisha mtangazaji akasoma taarifa ya halmashauri yetu. Watu wa dirisha la makazi watarudishwa. Na kila mwenye kibali cha fremu atatembelewa na mkaguzi katikati ya mwezi wa sita. Atakayekutwa fremu yake haina biashara ya kweli, kibali kinafutwa, anaanza upya.

Mume wangu akazima redio. Sisi hatuuzi hata kiberiti.

Mei 5

Mvua kubwa. Msingi wetu umejaa maji. Fundi amesema vyura wameshahamia kabla yetu.

Mei 8

Leo nitaandika mpaka wino uishe.

Tulikuwa nyuma ya pazia, tunahesabu biashara tunazoweza kufanya. Yeye hawezi kuuza, anaona aibu kutaja bei. Mimi nina kazi. Tulinong'ona hivyo, kila wazo likifa kabla halijafika nusu, na mimi nikaanza kulia, kwa sababu niliiona kweli ile nyumba ikirudi kuwa karatasi.

Cherehani ilikuwa imesimama kitambo, nasi hatukuona.

"Jamani," mama mkwe akasema kutoka upande wake. "Pazia si ukuta."

Tuliganda kama wezi. Sijawahi kumwonyesha daftari hili, wala sijawahi kusema maneno hayo kwa sauti. Akaomba ruhusa ya kuingia, kwenye nyumba yake mwenyewe, akasogeza pazia, akakaa kwenye sanduku langu. Akasema amesikia yote, kwa kuwa uzi umemwishia.

Sikuelewa. Nikamuuliza uzi unahusianaje na kusikia.

Aliangalia mikono yake. "Mkwe wangu, wewe unadhani kila jioni nashona nini? Nguo za watu namaliza mchana, wewe ukiwa kazini. Jioni nashona matambara. Nashona, nafumua, kesho nashona tena. Nyinyi ni vijana, mna maneno yenu. Nashona ili nisisikie."

Sijui niandike nini hapa. Tangu harusi nilikuwa nikihesabu kila trrr kuwa tusi. Nilimlalamikia mama yangu kwenye simu. Nilimlalamikia mume wangu, kwa kunong'ona, huku yeye akiendesha cherehani kwa miguu yenye uvimbe ili asisikie ninavyomsema. Nilijifunika uso kwa mto. Akanivua mto, kama unavyomvua mtoto kofia.

Kisha akaeleza kuhusu fremu. Ni yeye aliyemwambia mwanawe aichore. Mume wangu alitaka kukataa, akakumbuka sisi na pazia letu, akakubali. Alichodhani mume wangu ni kwamba mama yake anataka kibali kitoke haraka. Alichotaka mama yake ni kingine, na hakuwa amethubutu kukisema mpaka leo.

"Mnahama," akasema. "Ni haki yenu. Mimi nikasema labda wataniachia mlango mmoja, niweke cherehani, nisije nikabaki huku nasikiliza kimya kitupu. Nikaona aibu kuomba. Nikasema fremu ikiwapo, siku moja watanikumbuka wenyewe."

Mume wangu alikuwa ameshika kalamu yake kwa mikono miwili kama mshumaa. Akasema: "Mama, si ungesema?"

"Ningesemaje? Kila nikitaka kusema, nyinyi mmeshaanza kunong'ona."

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Ule ni ukuta kweli.

Mei 16

Mvua imepungua. Vyura wamehama. Kuta zinapanda.

Mei 30

Paa limefunika fremu na chumba chetu. Chumba cha pili bado ni vigingi na kamba, kitangoja. Dirisha langu liko mahali pake. Leo alfajiri nimekwenda peke yangu kulitazama likikucha. Bila karatasi ya manjano.

Juni 14

Mkaguzi alikuja. Kijana mkali, amebana faili kwapani, shati limetoka kifungo. Akasimama kwenye mlango mpana akauliza biashara iko wapi. Mama mkwe, kwenye cherehani yake tuliyoihamishia pale, hakuinua kichwa. Akamwambia avue shati, hawezi kuzungumza na mtu wa serikali kifua wazi. Mkaguzi akabaki na fulana katikati ya duka, mbele ya wateja wawili wanaosubiri nguo zao, akangoja kama mtoto wa shule. Alipovaa tena, kifungo kimeshashonwa, akatia sahihi bila kuuliza swali la pili.

"Na ule mkunjo wa kola," mama mkwe akamwita akiwa ameshafika barabarani, "urudi Jumatano niunyooshe."

Jumatatu iliyopita, Kaka Haraka aliponisomea upya vibali vya zamani, nilimsikia akiitaja yetu: mbele duka, nyuma kitanda, moja. Nikaiandika mahali pake. Alimaliza sentensi kwa mara ya kwanza, au labda ni mimi niliyesikiliza mpaka mwisho.

Juni 21

Tumelala kwetu wiki nzima sasa. Kuta nne, matofali, hakuna anayesikia. Kioo kimepata msumari. Mchana mama mkwe yuko pale mbele, anacheka na wateja, ananiachia chakula kimefunikwa. Jua likizama anafunga mlango mpana, anarudi kwake.

Kisha kinaingia kimya.

Jana tulikaa kitandani tumetazamana, na sikujua niseme nini kwa sauti ya kawaida. Nikanong'ona. Na yeye akanong'ona. Tukanyamaza wote wawili, tukisikiliza kitu ambacho hakikuwapo. Akaniuliza kama na mimi nakikosa. Nilimshika mkono, na nilishangaa, kwa sababu mke mpya hategemei kukosa usingizi kwa ajili ya mama mkwe.

Leo nimemtazama akifunga duka, mguu mmoja ukimsumbua, na nikamfikiria jioni hii, sebuleni, upande mmoja wa pazia ambalo hajaliondoa. Matambara hana tena sababu ya kuyashona.

Nimemwambia tutakuja kumtembelea. Akashangaa, akasema tunaonana kila siku. Nikamwambia hiyo si kutembelea, hiyo ni kuja kazini. Tutakuja jioni, sisi wawili, kabla mwezi huu haujaisha, tutakula kwake na kulala palepale nyuma ya pazia. Cherehani tutambebea sisi, yeye aandae uzi wa kutosha, maana tutanong'ona sana.